Jiwe la Kufulia

Kazini walimwita Jicho, na jina lilimkaa barabara. Wenzake walikodolea macho picha moja mpaka machozi yakawatoka wasione kitu, kisha yeye akapita nyuma yao na kikombe cha chai mkononi, akasimama, akasema, "Hilo hapo. Limetoka juu kushoto, limedunda, limedunda tena, likaenda kulala kivulini." Wanakodoa macho upya. Kweli, lipo. Wanaguna, na mmoja wao anamwambia aende zake na chai yake awaache watu wafanye kazi.

Na kazi yenyewe, jamani, ukimweleza mtu barabarani atadhani unamfanyia mzaha. Kulikuwa na chumba ghorofani, juu ya duka la mabomba na masinki, mapazia yamefungwa mchana kutwa ili mwanga usipige kwenye kompyuta. Humo ndani watu wazima wenye akili zao walilipwa kutazama mawe ya Mirihi. Ndiyo, Mirihi, ile sayari nyekundu. Vyombo vinavyoizunguka huko juu hupiga picha, picha zikaja kwa wataalamu wa mbali, na wataalamu, kwa kuwa picha zilikuwa nyingi kuliko macho yao, wakazigawa kwa vyumba kama kile. Kila mtu alipewa mteremko wake: picha ya zamani upande huu, picha mpya upande ule, haya, tafuta kilichosogea.

Maana mawe ya huko husogea. Hakuna mtu wa kuyasukuma, hakuna mbuzi wa kuyakanyaga, tone la mvua halijulikani, lakini hushuka. Ardhi inatikisika kidogo, au kimondo kinaanguka jirani, au barafu nyembamba iliyojibana kwenye ufa inapata jua na kuachia, basi jiwe lililokaa ukingoni tangu lini sijui linaondoka. Na likiondoka haliendi kama la kwetu. Vitu vya huko ni vyepesi, hewa yenyewe ni ya kubahatisha. Jiwe linaruka juu, linakaa hewani kidogo kana kwamba linafikiri, linashuka, linaruka tena, na kila linapogusa chini linaacha shimo kwenye vumbi. Ukilitazama kutoka juu unaona mishono ya mkono ya mbali mbali, kutoka gengeni mpaka bondeni. Pale chumbani waliita hiyo mburuzo. Mburuzo mkali ni wa juzi. Uliofifia ni wa zamani. Pasipo na mburuzo, hakuna kilichoshuka, pita, nenda picha nyingine. Mara moja moja waliletewa na picha za Mwezi, na huko ndiko kabisa: upepo hakuna, jiwe likishuka leo alama yake itakuwepo hata wajukuu wa wajukuu zetu wakisahaulika.

Jicho aliipenda kazi hiyo. Sisemi aliivumilia, nasema aliipenda. Alikuwa amerudi kwao baada ya ndoa kumshinda, mtu mzima na sanduku moja, na kwa miaka kadhaa hakuwa na kitu ambacho angeweza kusema hiki nakiweza kuliko wengine. Sasa alikuwa nacho. Mtu akimsifu alitazama pembeni, lakini akifika nyumbani alikuwa na mwendo mwingine.

Nyumbani ni ile nyumba ya mwisho kwenye kichochoro, iliyoupa mgongo mlima. Waliishi wanne. Mama yao, aliyekuwa na maneno mengi na magoti mabovu. Kaka yake mdogo, mwashi, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. Mke wa Fundi, yaani wifi yake Jicho. Na Jicho mwenyewe. Fundi na mkewe hawakuwa na mtoto, na wifi alikuwa akisema mama mkwe ndiye mtoto wake, tena mtukutu. Siku Jicho aliporudi na sanduku lake, wifi hakuuliza swali hata moja. Alilipokea sanduku, akalipeleka kwenye chumba chenye dirisha kubwa, akasema, "Hiki kilikuwa kinakusubiri." Chumba hicho kilikuwa chao yeye na mumewe mpaka asubuhi ya siku hiyo hiyo.

Nyuma ya nyumba palikuwa na uwanja mdogo, na uwanjani palikuwa na jiwe. Kubwa, la kufika kiunoni, juu yake tambarare, rangi nyekundu iliyokolea na mshipa mweupe uliolikata katikati. Marehemu baba alilikuta pale alipokuja kukitazama kiwanja, akafurahi, akasema mke wangu hatainama tena kufua. Tangu hapo kila nguo ya nyumba ile ilipigwa juu ya jiwe lile. Jicho alilikalia akiwa mtoto, akalipanda, akaanguka kutoka juu yake na kovu analo kidevuni. Wifi alikuwa na tabia ya kuweka kipande cha sabuni palepale kwenye mshipa mweupe, asikipoteze.

"Haya, Mirihi wameamkaje?" wifi aliuliza asubuhi moja, povu limemfika viwikoni.

"Wazima. Jana nimeona jiwe limeshuka, kubwa kama nyumba hii."

"Likaua nani?"

"Limuue nani? Huko hakuna mtu."

"Basi wana raha," wifi akasema, akalipiga shati la Fundi juu ya jiwe, pwaa, mpaka maji yakamrukia Jicho usoni. Wakacheka. Walikuwa hivyo wawili hao, wanataniana tangu jua kuchomoza, na mmoja akiugua mwenzake halali.

Kisha mama akaanguka kwenye ngazi. Vyumba vya kulala vyote vilikuwa juu, na ngazi zilikuwa za nje, za zege, nyembamba, za kupanda ukiwa umeshika ukuta. Hakuvunjika, lakini alikaa chini akilia kwa hasira. "Aliyezijenga ngazi hizi alikuwa ananitafuta roho tangu ujana," akasema, akimaanisha marehemu mumewe. "Sasa amechoka kunisubiri."

Ikaamuliwa mama ajengewe chumba chini. Swali likawa wapi. Mbele ya nyumba palikuwa na barabara ya malori ya kokoto, vumbi asubuhi, vumbi jioni, na mama kifua chake hakikuwa cha vumbi. Nyuma palikuwa patulivu, ardhi sawa, hatua chache kutoka jikoni. Fundi alikwishakuona chumba kichwani mwake, alikuwa anakipima kwa mikono hewani.

"Nyuma hapana," wifi akasema.

Wote wakamgeukia. Hakuwa mtu wa kusema hapana.

"Mvua ikinyesha nasikia kitu huko juu. Kama mtu anasogeza kabati. Anasogeza, anaacha. Ninyi mnalala kama magogo, mimi nasikia."

"Ni malori hayo, wifi," Jicho akasema. "Sauti inagonga mlima inarudi."

"Malori yanapita kwenye mvua ile?"

Mama akasema yeye popote atalala, hata jikoni, mradi wasimpandishe tena ngazi. Fundi akajikuna kichwa, akamtazama dada yake. "Dada, mtu wa mawe hapa ni wewe. Panda utazame, utuambie. Ukisema hapafai, najenga mbele, vumbi tutalizuia kwa pazia."

Ona jinsi jambo lilivyokaa mikononi mwake. Hakulazimishwa, hakudanganywa. Aliulizwa tu kitu anachokijua.

Walipanda siku ya mapumziko, yeye na Fundi. Jua kali, majani yanafika magotini. Na usidhani alifanya kwa kulipua. Jicho alifanya kazi ile kwa moyo wake wote, maana ni mama yake aliyekuwa analazwa pale chini. Alikata mteremko kwenda kulia, akaurudia kwenda kushoto, akifunua majani kwa fimbo. Alitafuta mashimo ya kudunda. Alitafuta mfereji. Alitafuta kichaka kilichovunjwa, udongo uliochimbuka, chochote. Hakuna. Majani mazima, udongo umetulia, mteremko laini kama shuka lililopigwa pasi. Alifika mpaka gengeni, pale mawe yalipopangana ukingoni, mekundu, mshipa mweupe umepita ndani yake kutoka huku mpaka huku. Aliuona mshipa. Hata alimwonyesha kaka yake, akasema tazama ulivyo mzuri. Akaliegemea mojawapo kubwa kwa bega lake lote. Halikutikisika.

"Safi," akamwambia Fundi. "Hapajashuka jiwe hapa. Lingeshuka lingeacha mburuzo."

Walipofika chini wifi alikuwa anawasubiri na maji ya kunywa.

"Wataalamu wanasemaje?"

"Ninasema mimi, wifi. Mlima huu haujawahi kuangusha kitu. Kuna jiwe linaloshuka bila kuacha alama? Halipo."

"Basi yameisha," wifi akasema, akampa kikombe. "Mimi ni nani nibishane na mtu anayeona Mirihi."

Na hapo ndipo panapouma, maana hakusema kwa kinyongo. Alimwamini. Jioni hiyo hiyo yeye ndiye aliyeshika mwisho wa kamba, Fundi akipima msingi.

Chumba kikatoka kizuri. Fundi alikijenga kama anajenga kwa sifa, kuta zimenyooka, sakafu nyororo isimkwaze mama, dirisha pana linalotazama mlima ili mama aone kijani. Mama akahamia akilalamika kwamba rangi ya ukuta ni ya zahanati, lakini alikuwa hatoki humo. Baada ya chakula cha mchana wifi aliingia, akakaa kitandani nyuma yake, akamchana nywele taratibu huku wakiusengenya mtaa. Jicho akitoka kazini alizisikia sauti zao tangu kichochoroni. Alikuwa na furaha kipindi hicho, wacha isemwe. Alijiona amemfanyia mama yake kitu.

Mvua zikaja, na mwaka huo zilikuja na hasira. Siku ya pili ya mvua wifi alimwambia Jicho asubuhi, akifunga mwavuli, "Kabati linasogezwa," akacheka kidogo, na Jicho naye akacheka, akaenda zake kazini.

Mchana ule msimamizi wao aliwaita wote mbele. Alikuwa mwanamama mpole, mwenye kikohozi kisichoisha na khanga mabegani kwa ajili ya baridi ya chumba kile, na hakuwa na mazoea ya kufoka. Siku hiyo alifoka. Alionyesha bonde moja la Mirihi ambalo walikuwa wamelimaliza juma lile. Karibu chumba kizima kiliandika kwamba pale hapajashuka kitu. Jicho pia aliandika hivyo.

"Hapa," msimamizi akasema, akaweka picha nyingine, "ni bonde hilihili kabla ya dhoruba ya vumbi."

Mteremko ulijaa mishono. Juu mpaka chini, mteremko mzima.

"Dhoruba imepita, vumbi limefunika, na ninyi mkaniandikia hapajashuka kitu. Hata wewe, Jicho! Mburuzo ukifutwa, jiwe nalo limefutwa? Haya mawe bondeni mlidhani yameota? Pasipo na alama, tazameni jiwe lenyewe. Tazameni rangi yake, mshipa wake, halafu pandisheni macho gengeni mtafute lilikotoka. Ni kazi ya—"

Jicho hakusikia ni kazi ya nani. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya jengo, na yeye alikuwa anaisikia sasa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kwao hakukuhitaji dhoruba ya vumbi. Kwao msimu mmoja wa mvua ulitosha kuziba shimo lolote, na majani yakamaliza yaliyobaki. Angewezaje kupanda mlima ule akitafuta alama, kwenye nchi ya mvua? Alitafuta kama anavyotafuta Mirihi. Na wakati wote jiwe lilikuwa uwanjani. Jekundu, na mshipa mweupe katikati, ule anaowekea sabuni wifi.

Alitoka nje kwenye ngazi, akapiga simu. Ikaita. Ikaita. Wifi akapokea.

"Wifi, mama yuko wapi?"

"Chumbani kwake, anasinzia. Nilikuwa jikoni. Mvua ya huku mwenzangu, mbona—"

"Mtoe."

"Nini?"

"Mtoe mama humo sasa hivi. Msikae nyuma, nenda naye mbele, barabarani, popote. Ni mlima, wifi. Nilikosea. Mtoe!"

Mvua ya kule ilisikika kwenye simu. Mwingine angesema nilikwambia. Haki yake angekuwa nayo.

"Sawa, namtoa," wifi akasema, akakata.

Jicho alidandia pikipiki ya kwanza iliyokubali. Dereva alimwambia mama tutaanguka, naye akamwambia twende hivyo hivyo. Alipiga simu njia nzima, ikaita bila kupokelewa, halafu ikawa haiiti kabisa. Kichochoro kilikuwa kinashusha maji mekundu, na watu walikuwa wamesimama ndani ya maji hayo bila viatu, wote wanatazama upande mmoja. Walipomwona walimpisha. Kupishwa kule ndiko kulikomweleza.

Mama alikuwa amelazwa kwenye kibaraza cha jirani, mkono umevunjika, matope mpaka kwenye nywele. Ni yeye aliyesimulia baadaye, na alisimulia hivyo hivyo kila mara, neno kwa neno. Wifi aliingia mbio, akasema mama tunatoka, dada kasema. Mama akanung'unika, akatafuta mkongojo. Wifi hakungoja. Alimketisha kwenye kiti cha plastiki, akakisukuma kiti na mtu wake kukielekeza mlangoni, miguu ya kiti inakwaruza sakafu ile nyororo. Walifika kizingitini, kiti kikakwama. Na hapo wakalisikia kabati. Wifi alikisukuma kiti kwa mikono yote miwili na kifua, kikaruka nje kikaanguka ubavu uwanjani. Mama aligeuka kumgombeza kwa kumwangusha. Hapakuwa na wa kumgombeza.

Jiwe liliingia dirishani. Lilichukua ukuta, kitanda, na nusu ya paa, likasimama palepale, limejaa chumba. Fundi alikuja kutoka kazini kwake na mafundi wenzake, wakaanza kuvunja ukuta uliobaki, ule aliounyoosha kwa mikono yake, na kila alipopiga nyundo alisema, "Taratibu, taratibu," ingawa hakuna mtu mwingine aliyekuwa anapiga. Walimtoa mkewe kabla ya giza. Jicho alitaka kumfuta matope usoni. Fundi alimzuia kwa kiganja, bila kumsukuma, akamfuta mwenyewe.

Walimzika, na watu waliokuja kuwapa pole walisema yale wanayosema watu wema. Walimwambia Jicho, usingepiga simu mama yako angekufa kitandani. Ni kweli. Na asingepiga simu, wifi angekuwa jikoni. Hilo nalo ni kweli, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kulisema, kwa hiyo alijisemea mwenyewe, akioga, akila, akipanda ngazi. Na asingeropoka siku ile mlimani chumba kingejengwa mbele, na leo wangekuwa wanagombana juu ya vumbi. Alitamani mtu amtukane. Aliumwa na aibu, na kila alipotaka kumlilia wifi aliona hana haki ya kumlilia.

Mama naye alisema la kwake, tena mbele za watu. "Mngeniacha. Mimi nimeshakula siku zangu. Nani alimwambia anibebe?" Kisha akamwangalia binti yake, akajuta, na mama yule wa maneno mengi akawa si wa maneno tena.

Kazini Jicho hakurudi. Msimamizi alimpigia, akamwambia kiti chake kipo. Alishukuru, hakwenda.

Fundi hakumlaumu. Alimsalimu asubuhi, alimwambia chumvi iko wapi, alimwita dada kama zamani. Ila hakukaa naye chumba kimoja zaidi ya anavyolazimika. Mara moja tu alizungumza. Jicho alikuwa amebeba ndoo ya nguo, amesimama mbele ya jiwe la kufulia, hawezi kuweka nguo juu yake wala kuondoka, na Fundi akatokea mlangoni.

"Hili jiwe," akasema, "ulidhani lilikujaje hapa?"

"Sikuwahi kujiuliza."

"Na mimi," Fundi akasema. "Fundi mzima. Najua kabisa jiwe halina miguu." Akarudi ndani. Tangu hapo nguo za nyumba ile zikafuliwa kwenye beseni.

Siku ile ya mvua mburuzo ulikuwa wazi. Jicho aliuona kesho yake kulipopambazuka: jeraha jekundu kutoka gengeni mpaka ukutani, mashimo marefu yamefuatana, karibu karibu kuliko ya Mirihi maana huku kila kitu ni kizito, kichaka kimelala, kisiki kimepasuliwa. Mtu yeyote angeuona hata kwa mbali. Kisha likaja jua, udongo ukapasuka na kujaa. Zikaja mvua nyingine, zikasawazisha. Majani yakaota, na pale palipochimbuka ndipo yalipoota kwa raha zaidi. Matofali ya chumba Fundi alikwishayatoa moja moja, hakutaka kuyaona. Lilibaki jiwe peke yake, uwanjani, pembeni ya lile la zamani.

Asubuhi moja alikuja mtu kupima kiwanja cha jirani, kile kilichokaa kitupu miaka yote, nacho vilevile kimeupa mgongo mlima. Alikuja na mkewe mjamzito na futi ya kamba. Walikuwa wachangamfu. Mwanamume alisogea kwenye ua, akamsalimia Jicho.

"Tunajenga hapa, mama. Vyumba vya kulala tunaviweka nyuma, huko mbele malori yanatuua. Mlima wenyewe naona umetulia. Nimeuangalia, hauna hata mkwaruzo."

Jicho akafungua mdomo. Kabla hajatoa sauti, mke wa yule mtu alichungulia uwanjani, akatabasamu.

"Bahati yenu," akasema. "Mna mawe mawili ya kufulia."

Jicho aliwaeleza. Aliwaeleza vibaya, kwa kubabaika, akionyesha mlima, akionyesha jiwe, akionyesha mahali palipokuwa na kitanda, akimtaja wifi. Wale watu walimpa pole. Walitazama mlima wakaona majani. Mwanamume akasema polepole, kwa heshima, kwamba watafikiria, akamshika mkewe mkono, wakaenda kuendelea kupima. Alikuwa amemsikia mama mmoja mwenye majonzi, na mbele ya macho yake kulikuwa na mlima mzuri wa kijani. Jicho alimjua vizuri mtu wa namna hiyo.

Akachukua jembe, akapanda.

Alianza gengeni, pale penye pengo kwenye mshipa mweupe, mahali jiwe lilipong'oka. Akachimba. Aling'oa majani, akafika kwenye udongo mwekundu, akachimba shimo la kwanza, refu, na upande wa chini akauacha udongo umelundikana kama jiwe linavyouacha. Akashuka, akachimba la pili. Jua likapanda. Watu wakajikusanya kichochoroni, wakasema masikini, akili imemruka, na mwingine akaenda kumwita Fundi. Yule mgeni na mkewe waliacha kupima, wakasimama wakitazama juu. Jicho alikuwa analia na kuchimba, kamasi na jasho pamoja, viganja vimechubuka, na safari hii hakujiuliza kama ana haki. Alilia kwa sauti. Alimwita wifi yake.

Fundi alipanda taratibu. Alikuwa na koleo begani. Alisimama nyuma ya dada yake, akatazama mashimo aliyokwisha kuchimba, kutoka gengeni mpaka pale alipofika, na Jicho akangoja amwambie washuke, watu wanatazama.

"Hapo umekosea," Fundi akasema.

Jicho akageuka.

"Hapa lilikata kushoto, kwenye kisiki." Akasogea, akayafunua majani kwa mguu, kisiki kikaonekana, kimepasuka katikati. Alikuwa amekariri kila shimo. "Lingenyooka kama ulivyochimba wewe, lingepita jikoni."

Akakita koleo kushoto ya kisiki, akaanza kuchimba. Jicho akafukia shimo lake lililokosea, akashuka akamfuata.